Mnasambaza utafiti ambao hamjausoma, halafu sisi ndio tunasimamishwa kama watoto!

Wakuu, heshima kwenu. Mnivumilie, nimetoka kwenye semina ya ofisi nimekereka kupita kiasi.

Wiki nzima kuna picha imezunguka kwenye grupu letu la WhatsApp: "Sayansi imethibitisha! Simama kibabe dakika mbili, homoni zinabadilika, unakuwa jasiri." Makofi na vidole gumba vikajaa. Leo mwezeshaji wa kulipwa katusimamisha wote, mikono kiunoni, vifua mbele. Mama wa masijala, mtu mzima mwenye mgongo mbovu, naye kashikishwa kiuno mbele ya vijana wa umri wa wanawe. Muda wote alikuwa anaangalia sakafu. Nikanyoosha mkono: utafiti huo walipimwa watu wangapi? Jibu: "Hotuba ya Amy Cuddy, mmoja wa watafiti wenyewe, imetazamwa na mamilioni." Mimi nimeuliza watazamaji?

Watu 42. Basi. Utafiti wenyewe ulitoka 2010 kwenye jarida la Psychological Science, ukidai mkao wa kibabe unapandisha testosteroni (homoni inayohusishwa na ubabe), unashusha kotisoli (homoni ya msongo), na unamfanya mtu athubutu zaidi kubahatisha pesa. Mwaka 2015 jarida hilohilo likachapisha utafiti wa Eva Ranehill na wenzake waliorudia jaribio lile, safari hii watu 200: washiriki walisema wanajihisi wana nguvu zaidi, lakini homoni hazikutikisika, na kwenye kubahatisha pesa hakukuwa na tofauti. Mwaka 2016 Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa ule wa 2010, akaandika mwenyewe kwamba haamini kuwa athari hizo ni za kweli. Akaeleza na walivyokusanya data: kwa makadirio yake, watu kama 25, wakachungulia matokeo, wakaongeza kama 10, kisha 7, kisha 5. Aliyesoma takwimu hata muhula mmoja anaujua ubaya wa hiyo. Ni refa anayeongeza dakika mpaka timu yake ifunge, ndipo apulize kipenga. Carney mimi namheshimu sana, kukiri vile hadharani si jambo dogo.

Waraka wake ni kurasa chache na ni bure, si kama makala nyingi za majarida zinazodai dola. Niliuweka kwenye grupu tangu Jumatano, na hoja zake kuu nikazifasiri kwa Kiswahili. Tiki za bluu tu. Nusu saa haikuisha, mtu akaituma picha ileile upya!

Nyie mnaofowadi, hasa wenye digrii zenu, mkiona neno "utafiti" vidole vinawawasha. Idadi ya washiriki iko kwenye sehemu ya mbinu, ni dakika chache kuitafuta. Na kama uliwahi kuisambaza picha hiyo, rudi kwenye grupu lilelile uweke masahihisho, maana waliokuamini wewe hawatayatafuta wenyewe.

Mwezeshaji katangaza awamu ya pili Ijumaa. Sisimami.