Wagonjwa wa presha wananijibu ninachotaka kusikia, nifanyeje?

Zamu ya Usiku: Wakuu, shikamooni. Mimi muuguzi, nasoma uzamili huku napiga zamu. Utafiti wangu: kwa nini watu huacha dawa za presha. Nimepita na dodoso, "Unameza dawa kila siku?" Wote ndiyo! Mama mmoja kajibu ndiyo, kufungua mkoba atoe kadi ya kliniki, kikadondoka kibahasha cha vidonge cha miezi miwili nyuma, kimejaa vilevile. Msimamizi anataka mahojiano ya kina. Nitaulizaje bila kuonekana askari?

Bi Mkasi: Mwanangu, marahaba. Vua sare kwanza, wewe ndiye unayewagombeza dirishani. Mfuate nyumbani akichambua mchele. Na usimuulize "unaamini nini", hakuna anayesema naamini, kila mtu anajua. Mwambie, "Hebu nisimulie siku ulipoambiwa una presha." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu.

Mzee wa Kinasa: Tafuta maswali manane ya Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia, na wenzake, 1978, ya kumuuliza mgonjwa anauelewaje ugonjwa wake. Tatizo lako unaliitaje? Limetokana na nini? Unaogopa nini zaidi? Mimi hilo la kuogopa ndilo lililonifungulia mlango: wengi waliogopa dawa kuliko ugonjwa, "ukishaanza huachi". Soma pia tafiti za degedege za Bagamoyo, miaka ya 1990. Kwa wazazi wengi homa ya malaria ilikuwa ya hospitali, degedege la mganga, na sindano waliamini ingemuua mtoto. Kumbe kwa daktari degedege mara nyingi ni malaria kali; ukiuliza "malaria" tu, hulioni.

Zamu ya Usiku: Duh. Kuna baba kaniambia presha yake ni "ya mawazo", ikipanda anaisikia kisogoni, ndipo anameza. Mimi nikaandika "msongo, matumizi yasiyo sahihi".

Mzee wa Kinasa: Futa! Andika "mawazo", andika "kisogoni". Hapo umeua data yako mwenyewe. Kwake anameza sahihi kabisa: kichwa kimetulia, dawa ya nini?

Kijana wa Takwimu: Sampuli ngapi lakini? Watu 15 si utafiti.

Bi Mkasi: Hapa hatuhesabu wangapi, tunatafuta kwa nini. Atasimama akiona hasikii jipya. Kibali cha maadili unacho, mwanangu?

Zamu ya Usiku: Ninacho, cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kesho naenda kwa yule mama wa mkoba. Nibebe mashine ya presha?

Bi Mkasi: Iache. Ukianza kumpima, umeshamrudisha kliniki.