Broka imekufa, oda 1,143 zimekwama ndani yake: nimekosea wapi?

Fundi_Foleni
Wakuu, habari. Nina broka mbili za ActiveMQ, A na B, yaani programu zinazopokea meseji, kuziweka kwenye foleni na kuzipitisha kwa programu nyingine. Kila moja ina diski yake, na nimeziunganisha ziwe mtandao. Programu zote zinaingia kwa `failover:(tcp://a:61616,tcp://b:61616)`.

Juzi usiku seva ya A ilizimika ghafla. Programu zikahamia B ndani ya sekunde chache, nikashusha pumzi. Asubuhi naambiwa oda 1,143 hazionekani popote. Nimehangaika mpaka A ilipowaka, zikamiminika zote. Kila oda ni meseji, na natuma za kudumu (zinazoandikwa diskini), nimehakiki. Sasa kudumu maana yake nini kama broka ikifa inazikalia? Halafu oda kadhaa zimeshughulikiwa mara mbili, kuna mteja amekatwa pesa mara mbili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nanga
Pole sana mkuu. Hakuna meseji uliyopoteza, KahaDB (hifadhi ya ActiveMQ kwenye diski) ilifanya kazi yake. Ila kudumu ni ahadi ya diski moja tu: broka ikiwaka tena, meseji utazikuta. Kwenye mtandao wa broka, meseji inakaa sehemu moja kwa wakati mmoja. A inaipokea na kuiandika. B ikiwa na mpokeaji anayeihitaji, inasukumwa kule, na B ikishakiri kuipokea A inaifuta. Hakuna nakala. Na `failover:` inahamisha miunganisho ya programu, haigusi kilichomo kwenye foleni.

A inahitaji pacha. Broka mbili zielekezwe kwenye folda ileile ya KahaDB, juu ya diski ya pamoja. Moja inashika faili la `lock`, nyingine inasubiri. Ya kwanza ikifa kufuli linaachiwa, ya pili inaingia na kuzikuta foleni zilezile. Ukitumia NFS (njia ya kushiriki faili kupitia mtandao), iwe toleo la 4. Toleo la 3 linaweza kuendelea kushikilia kufuli la seva iliyokwisha kufa, na pacha akangoja bila mwisho.

Kasa77
Mimi ningehama kabisa. RabbitMQ, broka nyingine, ina foleni za akidi, meseji inaandikwa kwenye zaidi ya nusu ya seva ndipo mtumaji athibitishiwe.

Nanga
Ni nzuri kweli, lakini akidi ni zaidi ya nusu ya seva zote ziwe hai. Kwenye seva mbili, moja ikifa foleni inasimama. Awe na tatu kwanza. Akizipata, nakuunga mkono.

Mwandani
Mkuu, kuhusu oda kujirudia: mpokeaji alishakata pesa, na kabla ukiri wake (taarifa kwa broka kwamba meseji imeshughulikiwa) haujafika, A ikazimika. Ilipowaka haikujua lolote, ikaitoa tena. Usitarajie broka ikuondolee hilo. Weka namba ya oda kwenye jedwali lenye sharti la upekee, iandikwe katika muamala uleule wa hifadhidata unaokata pesa. Ya pili itagonga mwamba hapo. Usitegemee utambulisho wa meseji, maana programu ikiituma upya oda ileile inapata utambulisho mwingine.

Halafu kachungulie foleni za B. Meseji iliyotoka A kwenda B kwa kawaida hairuhusiwi kurudi A. Wapokeaji wakisharejea A, yenyewe inabaki B haina wa kuichukua. Washa `replayWhenNoConsumers`, inayoruhusu meseji irudi pasipo na mpokeaji, na kwa foleni hizo zima ukaguzi wa marudio kwa `enableAudit="false"`, la sivyo zinazorudi zinaweza kudhaniwa ni marudio.

Fundi_Foleni
Nimechungulia sasa hivi. Zimo 26, hazina mpokeaji hata mmoja! Nisingejua kabisa. Asanteni sana wakuu. Jioni naweka pacha kwenye seva za majaribio, halafu naiua A kwa `kill -9` (amri ya kuua programu papo hapo) katikati ya utumaji.

Nanga
Hiyo haitoshi. `kill -9` inaua programu tu; mfumo wa seva bado uko hai na unaliachia kufuli vizuri. Kilichokupata wewe ni seva nzima kuzimika. Chomoa waya wa umeme, kisha hesabu ni sekunde ngapi zinapita mpaka pacha ashike `lock`.