Kompyuta tumenunua sisi, bando tunalipa sisi: kwa nini Windows ndiyo inayoamua?

Kamwene wakuu. Wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, uzi huu ni wetu na nauandika kwa hasira.

Mtumiaji wa kawaida huku kwetu hana makubwa. Mhasibu wa AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa kule Mbozi, mwalimu wa taaluma Makete, dada wa steshenari pale Kabwe, mwanafunzi wa Iyunga mwenye ripoti ya kurasa 60: wote wanataka mashine iwake, ifungue faili lilelile walilolifunga jana, isome flashi, ichape, izimike ikiambiwa izimike. Basi. Kinachozidi hapo kiombe ruhusa kwanza. Sasa angalieni tunachopewa.

Naanza na bando maana ndiko kunakouma. Apdeti za kila mwezi za Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku au saa tatu, kutegemea majira yao. Ni muda huohuo mtu katoka kazini, kawasha hotspoti ya simu atume barua pepe mbili tatu. Windows haiulizi. Kwake Wi-Fi ni Wi-Fi, iwe faiba ya ofisini au simu yenye bando la GB 1. Apdeti moja ya mwezi ya Windows 11 inaweza kuzidi hiyo GB 1 peke yake. Bando linaisha, barua pepe haijaenda, apdeti imeishia njiani. Kesho mtu ananunua bando jingine, na kitu cha kwanza kinachoamka ni ileile apdeti.

Kinachonikera zaidi ni kwamba simu ya Android ikiungana na hotspoti ya Android nyingine inatambua yenyewe kuwa data inahesabiwa, ikapunguza ulafi. Simu ya bei ya chini inajua, kompyuta ya bei mara tano haijui!

Dawa ipo ila imefukiwa. Fungua "Settings", ingia "Network & internet", kisha "Wi-Fi", bonyeza sifa za mtandao uliounganishwa, washa "Metered connection". Hapo apdeti nyingi zitasubiri. Ila swichi hiyo inashika jina la mtandao mmoja tu. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukiazima simu ya jirani, Windows inaona mtandao mpya na ulafi unaanza upya. Ukiunganisha simu kwa waya wa USB inahesabiwa kama Ethernet, nayo ina swichi yake kivyake, kwa hiyo washa zote mbili. Halafu nenda "Windows Update", "Advanced options", "Delivery Optimization", zima upakuaji kutoka mashine nyingine. Swichi hiyo ikiachwa kwenye chaguo la mashine za intaneti, kompyuta yako inawarushia watu usiowajua vipande vya apdeti, na mita inayosoma ni ya bando lako. Nani aliyewatuma?

Kilichotakiwa ni swali moja, siku ya kwanza mashine inapounganishwa: je, mtandao huu unalipiwa kwa kiasi? Ndiyo au hapana. Mwisho.

Umeme nao. Kompyuta ya mezani haina betri. Ikiwa kwenye ile skrini ya asilimia za apdeti na umeme ukakatika, faili zinabaki nusu mpya nusu za zamani. Ukirudi, mashine inaanza kurudisha kila kitu nyuma, na kwenye diski ya kuzunguka ya mizunguko 5400 kwa dakika kazi hiyo inaweza kula saa nzima na zaidi, huku foleni ya wateja imesimama mlangoni. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kufunga kazi, haikupi muda wa kumaliza apdeti. Kwa hiyo msimu wa radi, Novemba hadi Aprili, usiruhusu apdeti ianze wingu likiwa limetanda. Windows 11 inakuruhusu kuisimamisha hadi wiki 5. Itumie hiyo, kisha chagua siku tulivu uifanye kwa mkono.

Na kuzima kwenyewe si kuzima. Fungua "Task Manager", upande wa "Performance", bonyeza CPU, soma "Up time". Mashine inayozimwa kila jioni unaweza kuikuta imeandika siku 9. Sababu ni "Fast startup": ukibonyeza "Shut down", moyo wa mfumo unahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho yake pamoja na hitilafu zake zote, ikiwemo ya printa iliyogoma jana. Ndiyo maana mtu anazima na kuwasha mara tatu na tatizo lipo palepale. Shikilia "Shift" unapobonyeza "Shut down", hapo inazimika kweli. Ukitaka iondoke moja kwa moja, ipo kwenye "Control Panel", "Power Options", sehemu ya kazi za vitufe vya kuzimia. Kuna na lile chaguo la kuapdeti kisha kuzima, ambalo kwa muda mrefu kwenye mashine nyingi lilikuwa linaapdeti kisha linawasha upya. Marekebisho yake yalianza kutolewa mwishoni mwa 2025. Mtu kafunga begi, kaondoka, mashine imewaka usiku kucha ndani ya begi.

Sasa lile linalonitoa machozi kabisa. Someni hapa polepole.

Windows 11 toleo la 24H2 likisakinishwa upya, na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi linafunga diski lenyewe kwa BitLocker, yaani linageuza data kuwa siri isiyosomeka bila ufunguo. Halisemi kwa sauti. Ufunguo wa dharura, tarakimu 48 katika mafungu 8 ya tarakimu sita sita, unatumwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya usakinishaji. Na akaunti hiyo huku kwetu ni ya nani? Mara nyingi ni ya fundi. Mwenye mashine hana barua pepe anayoikumbuka, Windows inalazimisha akaunti, fundi anaweka yake kazi iende. Miezi minane mbele, BIOS (programu inayowasha mashine) inaapdetiwa, au ubao mama unabadilishwa, au mtu anagusa swichi ya "Secure Boot" humo. Mashine ikiwaka, skrini ya bluu inadai tarakimu 48. Fundi kahamia Tunduma, au akaunti kaisahau. Hapo hakuna ujanja. Hakuna programu ya kuvunja, hakuna fundi wa Dar es Salaam wa kukuokoa, kuitoa diski na kuichomeka kwingine hakusaidii. Unafuta unaanza upya. Leja ya VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) ya miaka mitatu imekwenda, matokeo ya kidato cha pili yamekwenda, na diski ni nzima, haina hata kovu.

Siri ya diski ni kitu kizuri laptopu ikiibiwa, sipingi. Ila kumfungia mtu mlango bila kumkabidhi ufunguo mkononi si ulinzi. Kabla ya kufunga ilipaswa kumlazimisha achape ufunguo kwenye karatasi au auhifadhi kwenye flashi, kwa lugha anayoielewa.

Leo hii, kabla hujaendelea kusoma, fanya hivi. Fungua "Command Prompt" kama msimamizi, andika manage-bde -status. Mstari wa "Conversion Status" wa diski C ukisema "Encrypted", andika manage-bde -protectors -get C: na zile tarakimu 48 zitatokea. Ziandike kwenye daftari. Usizihifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo. Au kama huhitaji siri hiyo, nenda "Privacy & security", "Device encryption", izime, uiache mashine kwenye chaja hadi imalize kufungua.

Madogo yanayouma kila siku: karatasi na tarehe. Windows nyingi zinaletwa zimepangwa Kimarekani. Karatasi inadhaniwa ni Letter, milimita 216 kwa 279, wakati kila trei hapa Mwanjelwa ina A4, 210 kwa 297. Printa inasimama, taa ya chungwa inapepesa, karatasi zimejaa tele, dada wa steshenari anafungua mlango wa toner anatikisa, anafunga, wapi. Toner haina kosa, printa inasubiri karatasi ambayo haiuzwi dukani. Badilisha kwenye "Printing preferences" ya printa na kwenye "Size" ya Word, kote kuwili.

Tarehe ni hatari zaidi maana haisimami, inadanganya. Ukiandika 05/03/2025 ukimaanisha tarehe 5 Machi, Excel iliyopangwa Kimarekani inaihifadhi kama tarehe 3 Mei. Ukiandika 25/03/2025 inashindwa, inaiacha kama maandishi. Alama ya kuitambua: tarehe iliyoeleweka inakaa kulia mwa kisanduku, iliyoshindikana inakaa kushoto. Ukikuta safu moja ina zote mbili, daftari la pembejeo limeshaharibika na kupanga kwa tarehe hakuaminiki. Badilisha "Regional format" kuwa English ya United Kingdom kabla ya kuandika, kwa sababu zile zilizogeuzwa hazijirudishi zenyewe.

Matangazo kwenye menyu, msaidizi wa akili mnemba ambaye hakuitwa, OneDrive inayohamishia "Desktop" yako kwenye nafasi ya bure ya GB 5 kisha inalalamika imejaa: haya nayataja tu, kila mtu anayaona.

Nyongeza, najibu waliochangia

Mkuu uliyesema apdeti ni usalama na tuache kulia: apdeti ziingie, hakuna anayekataa. Tunachokataa ni kila mashine kupakua kivyake. Shule yenye kompyuta 10 inaweza kupakua mara moja. Andika winver kwenye "Start" kuona toleo lako, ingia catalog.update.microsoft.com, tafuta namba ya KB (namba ya utambulisho ya apdeti) ya mwezi huo, chukua faili la x64 la toleo lako, liweke kwenye flashi, bonyeza mara mbili kwenye kila mashine. Kwa 24H2 wakati mwingine unakuta mafaili mawili, yaweke folda moja. Kama njia hiyo ipo, kwa nini haipo kitufe ndani ya "Settings" kinachosema chukua kutoka kwenye flashi?

Dada uliyeuliza kama laptopu ya HP EliteBook 840 G3 inaingia Windows 11: hiyo ina prosesa ya kizazi cha 6, mfano i5-6300U. Kwa kizazi cha 2 hadi cha 9, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache mno za cha 7, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM GB 4 na diski GB 64. Kwa hiyo G3 na G4 zimefungiwa nje, G5 yenye i5-8250U inaingia. Mashine yako ikiwa na SSD na RAM GB 8 haina ubovu wowote, inafanya kazi zote za ofisi. Kilichokwisha ni msaada wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Na yule muuzaji anayekwambia G3 yake ni "Windows 11 original" kaisakinisha kwa kuruka ukaguzi. Inafanya kazi, ila Microsoft haiahidi kwamba apdeti zitaendelea kuja. Bei ishuke kwa sababu hiyo.

Na waliojibu "weka Linux", yaani mfumo wa bure badala ya Windows: kwa G3 ni jibu la kweli, si la kumrushia mtu na kuondoka. Linux Mint 22 ina msaada hadi Aprili 2029, inahitaji angalau RAM GB 2 na GB 4 ndiyo nzuri, na haiwashi upya bila wewe kuamua. Flashi ya GB 8, programu ya Rufus ya kuiweka Mint kwenye flashi, kisha mashine ikiwaka bonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo. Iendeshe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, na ujaribu mambo matatu: Wi-Fi, printa yako hasa, na faili lako zito la Excel. Printa za Canon za LBP nyingi zinadai draiva ya kutafuta kivyake. Excel yenye makro mara nyingi haitatii ndani ya LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint. Ripoti ya chuo ikifunguliwa huko kurasa zinaweza kusogea, kwa hiyo ya kuchapisha itoe kama PDF. Jambo jingine, ukitaka kuacha Windows pembeni kwenye diski hiyohiyo, zima kwanza ile "Fast startup", la sivyo Mint inakataa kuandika kwenye diski ya Windows kwa sababu inaikuta imelala, haijazimwa.

Kama kuna mwenye orodha ya printa zilizokubali Mint bila kuhangaika, aiweke hapa na namba kamili ya modeli. Nitaihamishia juu kwenye posti ya kwanza.