Kutoka Arlanda hadi Stockholm kwa hela ndogo: treni ya haraka, basi, au njia ya Märsta?

Mwanafunzi_Moro
Wakuu, habari za leo. Mwezi ujao natua uwanja wa ndege wa Arlanda, Sweden, kupitia Addis Ababa, mara yangu ya kwanza Ulaya. Posho ya masomo itaanza kuingia nikishafungua akaunti huko, kwa hiyo wiki za mwanzo natumia akiba yangu. Nina begi moja kubwa na la mgongoni. Nimeona treni ya haraka, Arlanda Express, ni zaidi ya krona 300, basi la Flygbussarna karibu nusu yake, halafu rafiki kaniambia kuna njia ya krona arobaini na kitu. Hiyo ipo kweli? Mliopita huko nisaidieni.

Mama_wa_Solna
Ipo mwanangu, na mimi natumia hiyo miaka yote. Ukitoka nje ya jengo la abiria tafuta kituo cha basi namba 583 linalokwenda Märsta. Ni basi la kawaida la SL, shirika la usafiri wa umma la mkoa wa Stockholm. Dakika 20 hivi unashuka Märsta, unaingia pendeltåg, yaani treni ya SL ya mjini na vitongojini, na baada ya dakika 40 uko katikati ya Stockholm. Tiketi ni hiyohiyo moja. Mwaka 2025 ilikuwa krona 43 kwa mtu mzima, na inadumu dakika 75.

Dereva hapokei fedha taslimu kabisa. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, na ukifika Märsta unagusisha kadi ileile getini, mfumo unajua tayari umelipa. Kabla hujaondoka nyumbani iulize benki yako kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi. Nimeshapokea wageni waliokwama hapo uwanjani kwa jambo hilo tu.

Kipanga254
Naongezea, maana wengi hukosea hapa. Pendeltåg inafika pia uwanjani penyewe, kituo kinaitwa Arlanda C, kiko chini ya jengo. Mtu akiona treni ya SL anadhani atalipa tiketi ya SL tu. Sivyo. Kupita getini pale kuna ada ya pembeni ya karibu krona 150 juu ya tiketi, kwa hiyo safari inakuwa karibu 190.

Sababu yake ni ya kimkataba. Reli ile ilijengwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi, ikafunguliwa mwaka 1999, na kampuni ikapewa haki ya kuiendesha na kurudisha gharama zake. Pendeltåg zilipoanza kusimama pale mwaka 2012, ada ikabaki. Ukipanda basi hadi Märsta unakwepa ada hiyo kihalali kabisa, na wafanyakazi wengi wa uwanja wanapita hukohuko kila siku.

Juma_wa_Tanga
Mimi nitamtetea Flygbussarna. Mgeni ametoka safari ya usiku kucha, ana begi la kilo 23, pengine ni Januari na nje ni baridi ambayo hajawahi kuionja. Basi hilo begi linaingia chini, unakaa, dakika 45 uko Cityterminalen, jirani na kituo kikuu cha treni. Bei ni kama krona 150. Tofauti ni krona mia na kidogo. Kwa siku ya kwanza mimi ningelipa.

Mama_wa_Solna
Juma nakuelewa, hasa kwa wenye watoto. Lakini krona mia ni chakula cha siku mbili kwa mwanafunzi anayejipikia.

Nyota_ya_Kigoma
Arlanda Express inamfaa nani basi?

Kipanga254
Mwenye haraka, au aliyelipiwa nauli na kazi. Ni dakika 18 tu hadi kituo kikuu. Vijana hadi miaka 25 wana bei yao ya chini, na mkiwa wawili hadi wanne mkanunua pamoja kuna punguzo. Watu wanne pengine mlinganishe na teksi pia.

Nyota_ya_Kigoma
Teksi muwe makini. Sweden bei za teksi hazipangwi na serikali. Mimi niliingia gari la kwanza nililoliona, nikalipa karibu mara mbili ya aliyelipa mwenzangu siku ileile. Dirishani kuna kibandiko cha njano chenye bei ya mfano ya safari ya kilomita 10 na dakika 15. Soma namba kubwa pale kwanza, na uulize bei ya jumla hadi mjini kabla hujafunga mlango.

Msomi_Uppsala
Mkuu, chuo chako kiko wapi? Naona kila mtu anakupeleka Stockholm. Kama ni Uppsala, usiende mjini kabisa, ni upande wa pili. Chukua basi 801 la UL, shirika la usafiri wa umma la mkoa wa Uppsala, palepale uwanjani. Na kama kuna ndege nyingine ya bei rahisi ndani ya Ulaya, hakikisha tiketi imeandikwa ARN, kifupi cha Arlanda. Uwanja wa Skavsta huuzwa kwa jina la Stockholm lakini iko Nyköping, kilomita 100 hivi kusini, na haya yote tuliyoandika hayahusiani nayo.

Mwanafunzi_Moro
Asanteni sana wote. Ni ARN, nimeangalia. Chuo kiko Stockholm ila nitafikia kwa binamu yangu Kista, kitongoji cha kaskazini mwa mji, kwa wiki mbili. Yuko kazini siku hiyo, hawezi kunipokea.

Mama_wa_Solna
Ungesema mapema mwanangu! Basi katikati ya mji hupahitaji. Arlanda Express na Flygbussarna zingekupeleka mbele halafu ulipe tena kurudi nyuma. Wewe panda 583 hadi Märsta, ingia pendeltåg, shuka Sollentuna kabla hujafika mjini. Hapo nje ya kituo kuna basi 179 linalopita Kista. Ukiunganisha bila kuzubaa, tiketi hiyohiyo moja inakufikisha.

Na usiogope kupotea Märsta. Laini ya 41 ya pendeltåg inaanzia pale, kwa hiyo treni yoyote yake utakayoikuta inaelekea kwako.