Kuvu za Chernobyl zinakula mionzi, au sisi ndio tunalishwa matango pori?

Mleta mada:
Wadau, habari za jioni. Kila baada ya muda inazunguka ile picha ya ukuta mweusi na maneno "kuvu inayokula mionzi ya nyuklia". Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kaandika hivyohivyo kwenye daftari, mwalimu wake kampa tiki. Nikamwambia afute. Tumenuniana mpaka leo, ndiyo maana naileta hapa.

Yasiyobishaniwa ni haya. Kinu namba 4 cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Miaka iliyofuata mwanasayansi wa kuvu Nelli Zhdanova na wenzake wa Kyiv walichunguza kuta za ndani ya mabaki yale wakakuta kuvu za spishi 37, na nyingi zilikuwa nyeusi. Weusi huo ni melanini, rangi ya ukoo mmoja na ile ya ngozi na nywele zetu. Mwaka 2007 wanasayansi Ekaterina Dadachova, Arturo Casadevall na wenzao huko New York walitangaza kwamba kuvu nyeusi zilikua vizuri zaidi zilipopigwa mionzi. Neno "kula" likapata mlango hapo.

Msimamo wangu: melanini ni ngao. Ngao haipiki ugali.

Mwalimu wa Baiolojia:
Mkuu, usimwonee mtoto. Hao wa New York hawakuishia kupima ukuaji. Walichukua melanini, wakaipiga mionzi, na uwezo wake wa kupitisha elektroni, zile chembe ndogo za umeme, ukapanda mara nne. Kuvu zenye rangi zikawapita ndugu zao walionyimwa rangi, hata kwenye chakula hafifu. Tena Zhdanova alionyesha kwamba baadhi ya kuvu hizo huelekeza nyuzi zake kule mionzi inakotoka. Klorofili, ule ukijani wa majani, nayo ni rangi tu, na leo hakuna anayeshangaa kwamba mgomba unaishi kwa jua.

Halafu kuna kuvu nyeusi iitwayo Cladosporium sphaerospermum iliyopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Utando wake wa milimita 1.7 ulipunguza mionzi. Watu wanaifikiria kwa safari za Mars, sisi tunamfutisha mtoto daftari!

Fundi Eksirei:
Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kupima mionzi, kwa hiyo nitaongea kwa hesabu.

Mionzi inayoingia mwilini tunaipima kwa grei: grei 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kila kilo ya mwili. Gramu moja ya sukari ina jouli kama 17,000. Sasa weka kilo nzima ya kuvu mahali penye grei 1 kwa saa, pabaya kiasi kwamba binadamu akikaa saa tano bila matibabu yuko njia panda ya kufa. Hata ikinasa nishati yote, bila kupoteza chembe, itahitaji saa 17,000 kupata nishati ya gramu moja ya sukari. Hiyo ni karibu miaka miwili, kwa kijiko kisichojaa!

Na jaribio la 2007 halikuwa na mionzi ya namna hiyo. Lilitumia takribani mara 500 ya kiwango cha kawaida cha mazingira, yaani grei 0.00005 kwa saa. Kwa kiwango hicho gramu ile ya sukari inachukua karibu miaka 39,000. Kuvu ile ilikua ndani ya siku chache. Kwa hiyo mionzi iliigusa, sawa, ila haikuilisha. Huenda iliishtua tu, kama mwili unavyoshtuka kwa chanjo.

Kuelekea mionzi nako si kula. Nondo huifuata taa usiku kucha na hashibi. Na huko angani, kupungua kwenyewe hakukufika hata asilimia 3. Maji nayo huzuia mionzi, na kuvu imejaa maji.

Bwana Shamba wa Mwea:
Mnabishania Ukraine na mimi melanini inanimalizia mpunga hapa! Kuvu ya blasti, ule ugonjwa wa mpunga, ikitua kwenye jani hujenga kifuko, inakipaka melanini, ndani inajaza gliseroli, kimiminika kinachovuta maji. Melanini inazuia gliseroli isivuje, maji yanazidi kuingia, na shinikizo linafika megapascal 8. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya upepo wa tairi la gari. Jani linatobolewa kama kwa msumari. Kuvu ya aina hiyohiyo isiyo na rangi haitoboi kitu. Dawa ya trisaiklazoli haiui kuvu yenyewe, inaizuia tu kutengeneza rangi, na hapo inakuwa tairi lenye pancha. Ulaya waliibana dawa hiyo mwaka 2017, mchele usizidi miligramu 0.01 kwa kilo. Huo ndio mjadala wa maana, nyinyi mko kwa anga za juu.

Nesi:
Namuunga mkono bwana shamba. Wodini kwetu melanini ina jina la Kriptokokasi, kuvu ya kwenye kinyesi cha njiwa inayowapata wagonjwa wa UKIMWI kichwani. Haiwezi kujitengenezea malighafi ya rangi. Inaipata kwenye ubongo, kwenye kemikali kama dopamini, halafu inajivika. Rangi hiyo inaikinga na sumu za seli zetu za ulinzi, na inainasa amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, kabla haijafika inapotakiwa. Hiyo ni ngao jamani, kama alivyosema mleta mada.

Mwalimu wa Baiolojia:
Marahaba, fundi. Hesabu yako imenikaba. Lakini usikimbilie "iliishtua tu", maana nalo halijathibitishwa. Kubadilika kwa elektroni kulipimwa, huwezi kukufuta kwa nondo. Huenda melanini inasaidia kuvu kuitumia vizuri zaidi sukari ileile iliyo nayo.

Fundi Eksirei:
Hapo tunaelewana. Ila mtu akisema "inakula" anionyeshe kuvu iliyonyimwa kaboni ya chakula kabisa, ikaivuta ya hewani kwa nguvu ya mionzi, kama mgomba wako. Hajatokea mtu kuionyesha.

Mleta mada:
Sasa nimwambie nini kijana? Tiki ibaki au ifutwe?

Mwalimu wa Baiolojia:
Mpe nusu. Na daftari umrudishie wewe mwenyewe, usimtume mama yake.