Tupeane uzoefu, watu wa Lubumbashi: mkienda mbali kwa kinga (baiskeli), mnabeba chakula gani cha nyumbani?

Kinga ya Katuba
Wandugu, asubuhi nimepishana na vijana wanaelekea Kipushi. Jezi, miwani, kofia, kila kitu kiko. Chakula? Paketi moja ya biskuti imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Nimecheka peke yangu, maana nimekumbuka barabara ya Likasi na jinsi njaa inavyoweza kukuvua heshima mbele za watu. Hebu semeni: mnatengeneza nini nyumbani? Vya dukani sivitaki, vinabomoka vumbi tupu na bei yake ni ya watu wa migodi.

Fundi Spoku
Bitumbula, maandazi yetu ya kukaanga. Mjadala umefungwa.

Yaya Ruashi
Haujafungwa, mdogo wangu. Bitumbula bya jana bimekunywa mafuta usiku kucha. Kwa Kipushi, kilomita 30, sawa. Likasi ni kama 120. Ukifika nusu ya njia unacheua mafuta na mlima uko mbele.

Fundi Spoku
Inategemea nani amekaanga, yaya. Kwangu vinakaangwa alfajiri, naondoka vikiwa vya moto.

Mwalimu wa Kenya (komini, yaani wilaya ya hapa mjini, si nchi, mniache)
Nitaandika ndefu, mtanivumilia. Ilikuwa Oktoba, lile joto mnalijua. Kikundi kilimpa jamaa mmoja kazi ya chakula, simtaji, yumo humu. Alikuja na karanga za kukaanga, mfuko mzima. Basi. Karanga sizikatai, lakini zina mafuta mengi, tumbo linazisaga polepole, na miguu inataka sukari sasa hivi. Ukikanyaga kwa nguvu saa moja na nusu, saa mbili, ile akiba ya mwilini inakwisha. Yangu iliishia mlimani, malori yananipita karibu kabisa. Ghafla nikasikia baridi. Oktoba! Mikono inatetemeka, machozi yananitoka na sijui nalilia nini. Nikashuka, nikakaa kwenye majani.

Akatokea mzee wa makala, muuza makaa, anakuja mjini, magunia yamepita kichwa chake, kinga anaisukuma kwa mikono. Akauliza kama nimegongwa. Nikamwambia, baba, ni njaa. Hakucheka. Alitegemeza mzigo kwa gongo, akafungua kitambaa: bukari (ugali) baridi na kapenta, wale dagaa wakavu. Akamega nusu. Nilikula nimepiga magoti, vidole vyeusi vya mnyororo, sikunawa. Pesa alikataa. Karanga alichukua.

Lubum Kwetu
Njo vile. Bukari baridi imeokoa wengi.

Jamaa wa Karanga
Mwalimu, unanisema tena? Si wewe uliyesema "lete kitu cha chumvi"?

Mwalimu wa Kenya
Kitu cha chumvi. Sikusema lete gunia.

Nesi wa Kamalondo
Msigombane. Kwa safari ya saa nyingi mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani inakupa kama 25. Fanyeni hesabu. Karanga ziwe za pembeni.

Yaya Ruashi
Nesi amesema. Mimi naoka mkate wa ndizi. Ndizi nne zilizoiva hadi ganda liwe jeusi, ponda kwa uma. Mayai mawili, nusu kikombe ya mafuta, nusu ya sukari. Unga wa ngano vikombe viwili, soda ya kupikia kijiko kimoja cha chai, chumvi usiionee huruma maana utatoka jasho. Karanga konzi moja, zitwangwe zibaki vipande (furahi, Jamaa wa Karanga).

Umeme ukikatika, na utakatika, chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga, weka ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, funika, weka juu ya mbabula, jiko la makaa. Makala ya juu ya kifuniko yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo chini kunaungua na katikati ni uji. Baada ya dakika 45 anza kuchomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua. Usikate siku hiyohiyo, utabomoka. Ulale, asubuhi kata vipande vya upana wa vidole viwili, kila kimoja na karatasi yake, ufungue kwa mkono mmoja. Kula kila nusu saa hata kama tumbo halijaomba.

Kinga ya Katuba
Asante yaya. Sukari naweza kuweka asali badala yake?

Dada Kampemba
USIWEKE ASALI JUU.

Shemeji yangu alitupikia keki, akazipaka asali, ile ya chupa inayouzwa kando ya barabara. Tamu, sibishi. Joto likaiyeyusha ndani ya mfuko wa jezi, ule wa mgongoni. Tukasimama kuokota masuku, yale matunda ya porini. Alikuja nyuki mmoja, akatembea kwenye kola, nikampuuza. Muda si muda mgongo mzima unavuma. Mkubwa mmoja, mtu wa heshima na ofisi yake, alitupa kinga akaingia kichakani na kiatu kimoja. Mimi nilivua jezi mbele ya basi la abiria, wanashangilia. Tukasimama mbali tukiitazama jezi ile chini inasogea yenyewe. Na funguo za nyumba ziko ndani.

Lubum Kwetu
😂😂 Mkubwa yupi?

Fundi Spoku
Na funguo?

Mpita Njia
Nyuki wakija, lala chini usitikisike.

Nesi wa Kamalondo
Usilale! Funika uso, ondoka mbio, usiwapige. Ukishachomwa, ule mwiba utoe haraka.

Mpita Njia
Babu yangu alikuwa analala.

Nesi wa Kamalondo
Babu yako alikuwa mrina asali.

Dada Kampemba
Funguo tulizipata jioni. Mama mmoja wa pale aliwasha majani mabichi, moshi ukawatoa. Mkubwa simtaji, ananidai.

Mzee wa Likasi
Watoto, mmesahau kikanda. Karanga za kutwanga na viazi vya porini, kinashika, hakiyeyuki, hakina sukari ya kuita nyuki.

Yaya Ruashi
Na pilipili yake, vye? Kwenye jua lile?

Mzee wa Likasi
Bila pilipili si kikanda.

Mwalimu wa Kenya
Basi mimi nafuata mkate wa ndizi. Jumamosi tunakwenda Kipushi tuujaribu. Nani analeta?

Yaya Ruashi
Ndizi zangu bado ni mbichi. Mtu alete nne nyeusi kabla ya Alhamisi jioni.

Jamaa wa Karanga
Ninazo, lakini zimeanza kutoa maji.

Yaya Ruashi
Hizohizo. Lete.

Fundi Spoku
Mimi naleta bitumbula.