Kufuta folda ya mtu aliyeacha kazi SIYO kusafisha kompyuta, acheni huu mchezo

Wakuu,

Hili jambo linakera na halikomi. Kompyuta ya ofisi imepita kwa watu kumi, fundi anaitwa "aondoe wa zamani", anaingia C:\Users, anachagua folda yenye jina la mtu, anapiga Delete, anaondoka. Kwenye ripoti anaandika "imesafishwa". Imesafishwa wapi? Umeharibu mfumo na taka umeziacha.

Windows haimjui mtu kwa jina la folda. Inamjua kwa SID, ile namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na kila SID ina ufunguo wake kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList. Ukifuta folda kwa mkono, ufunguo unabaki ukionyesha mahali ambapo hapana kitu. Mtu yule akirudi kutoka tawi jingine na kuingia kwa akaunti yake ileile ya mtandao wa ofisi, Windows inatafuta profaili yake (folda yake pamoja na mipangilio yake), inaikosa, inampa ya muda iitwayo TEMP. Anafanya kazi mchana kutwa, anahifadhi kwenye Desktop, jioni anatoka na kila kitu kinafutika. Kisha anaambiwa hajui kutumia kompyuta! Kosa ni la aliyefuta folda, na ushahidi uko palepale kwenye ProfileList, mara nyingi ufunguo wa mtu huyo ukiwa umeongezewa .bak mwishoni.

Halafu kuna kundi la pili: wanafuta akaunti kwa lusrmgr.msc (dirisha la kusimamia watumiaji) au kwa net user jina /delete na kudhani kazi imekwisha. Akaunti imekufa, folda nzima ipo. Barua, mikataba, picha za vitambulisho, vyote anavisoma yeyote mwenye haki za usimamizi. Fungua orodha ya profaili uone "Account Unknown" zilivyojipanga, nyingine zimekaa na gigabaiti kadhaa.

Fanyeni hivi. Kabla ya kugusa chochote, toa kilicho mali ya ofisi. Faili za .ost za Outlook (nakala ya barua za seva) zisikusumbue kama barua ziko kwenye seva, zitashuka tena. Za .pst (barua zilizohifadhiwa kwenye mashine yenyewe) ndizo za kutafuta, kwa kawaida Documents\Outlook Files, kwa sababu mara nyingi hakuna nakala nyingine popote. Faili zilizofungwa kwa EFS (usimbaji wa faili wa Windows) azifungue mwenyewe kabla hajaondoka, maana cheti cha kuzifungua kinaishi ndani ya profaili na kinakufa nayo. Na msimbadilishie nywila kwa nguvu mtu mwenye akaunti ya ndani ya mashine eti mpate kuingia: hapo mnajifungia nje ya faili hizohizo za EFS mlizokuwa mnazitafuta.

Baada ya hapo piga Restart, ingia kwa akaunti nyingine ya msimamizi, fungua sysdm.cpl (dirisha la System Properties), nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya User Profiles, chagua profaili, Delete. Hapo folda na ufunguo wa rejista vinaondoka pamoja. Kitufe kikiwa kimefifia, profaili bado imepakiwa; angalia huduma au kazi ya Task Scheduler inayoendeshwa kwa jina la mtu huyo. Profaili ikishaondoka, ndipo ufute akaunti.

Mashine zikiwa nyingi, PowerShell (dirisha la amri) iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi inatosha:

Get-CimInstance Win32_UserProfile | Where-Object { $_.LocalPath -eq 'C:\Users\jina' -and -not $_.Loaded } | Remove-CimInstance

Ile sera ya Windows (Group Policy) ya kufuta zenyewe profaili zisizotumika kwa siku kadhaa msiitegemee peke yake. Tarehe zinavurugwa na masasisho na programu za kuskani virusi, profaili ya mtu aliyeondoka mwaka jana inaonekana imetumika juzi.

Bado kuna mabaki. C:\$Recycle.Bin ina folda ya kila SID, na haifutwi na hatua za hapo juu. Angalia C:\Users\Public, diski ya D, na ile folda ya skana ambayo kila mtu anatupia nakala za vitambulisho na hakuna anayeifuta. Nywila za Wi-Fi ni za mashine nzima, si za mtumiaji mmoja; msimamizi anazisoma wazi kwa netsh wlan show profile name="jina" key=clear.

Sasa nyie wakuu wa ofisi mnaotumia akaunti moja ya "Mapokezi" kwa watu wote. Hapo hakuna profaili ya kufuta. Gmail ya aliyeondoka iko kwenye Chrome ileile, WhatsApp yake bado imeunganishwa. Mwambieni aikate kwenye simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na Google vilevile, kabla hajakabidhi funguo.

Na idara za utumishi, mnatoa taarifa mwezi mzima baada ya mtu kuondoka! Windows kwa kawaida hutunza kumbukumbu za kuingia za watumiaji 10 wa mwisho wa mtandao wa ofisi. Hata akaunti ikizimwa kwenye seva, laptopu isiyounganishwa na mtandao bado itamfungulia kwa nywila yake ya zamani. Laptopu irudi siku ya mwisho ya kazi, siyo "akipata nafasi".

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023. Kenya wana yao ya 2019. Folda ya skana yenye vitambulisho vya wateja wa miaka minne iliyopita ni taarifa binafsi, na mwenye kuwajibika ni ofisi. Kwenye fomu ya makabidhiano ongezeni mistari miwili tu: nani amefuta profaili, na nani amehakiki ProfileList na $Recycle.Bin baada yake. Wasaini wote wawili.